Mlango wa Chuo cha Sheria na Wajibu wa Msikiti

Wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuiona picha ile. Imezunguka katika simu zetu kwa miaka mingi, ikitoka kundi moja la WhatsApp kwenda jingine. Ni picha ya ukuta ndani ya Chuo cha Sheria cha Harvard, nchini Marekani, ulioandikwa tafsiri ya aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, aya inayowaamrisha waumini kusimama katika uadilifu bila kumpendelea jamaa wala tajiri. Chini ya picha hiyo huandikwa maneno ya furaha, na mengine hupita mpaka. Yuko anayedai kuwa Harvard imeitangaza Qur'an kuwa kitabu cha haki kuliko vyote duniani, na yuko anayedai kuwa chuo kizima kimesilimu.

Jioni moja, baada ya darsa la Maghrib, kijana wa kidato cha sita aliinuka msikitini kwetu akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia: "Aya ile ni nani aliyeiweka pale, na kwa nini?" Sisi katika kamati tuliitazamana. Tulikuwa tumeisambaza picha hiyo mara nyingi, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amejiuliza. Makala haya ni jibu letu kwa kijana huyo, na ni nasaha kwa kila mzazi mwenye mtoto anayesoma.

Ukweli wa ukuta ule

Maktaba ya chuo kile iliandaa onesho la kudumu liitwalo "Maneno ya Haki". Wanafunzi, walimu na wafanyakazi walialikwa kupendekeza maneno ambayo, kwa maoni yao, yanaeleza kiu ya mwanadamu ya kupata haki. Yaliyochaguliwa yaliwekwa ukutani, mahali ambapo kila anayekwenda maktabani huyaona. Aya ya Suratun-Nisaa imo, na ipo pamoja na Magna Carta ya Waingereza, maneno ya Mtakatifu Augustino wa Wakristo, na kauli za mataifa na zama nyingine. Kwa hiyo Harvard haikusilimu. Ilichofanya ni kuandaa jambo la wazi na kuwauliza watu wake wote, si wakubwa peke yao.

Kwetu sisi ukweli huu una faida kubwa kuliko chumvi iliyotiwa. Aya haikujipandisha ukutani. Chuo kilikuwa na mlango wa kupokea mapendekezo, na ndani ya chuo alikuwamo mtu aliyeijua Qur'an. Lau mlango ule ungekosekana, au lau mtu yule asingekuwapo, ukuta ungeandikwa maneno ya wengine tu, nasi tusingekuwa na picha ya kutumiana.

Milango haikuwa wazi tangu mwanzo

Isidhaniwe kwamba vyuo hivyo vilizaliwa na ukarimu. Chuo cha Sheria cha Harvard kilianzishwa mwaka 1817. Mtu mweusi wa kwanza kuhitimu hapo, George Lewis Ruffin, alihitimu mwaka 1869, nusu karne baadaye. Wanawake walisubiri hadi mwaka 1950 ndipo wakaruhusiwa kujiunga. Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipoingia hapo mwaka 1956 alikuwa mmoja wa wanawake 9 katika darasa la watu wapatao 500.

Katika majimbo ya kusini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sheria yenyewe ndiyo iliyowafungia watu weusi mlango. Hapo ndipo tunapokutana na Charles Hamilton Houston, mweusi aliyesoma Harvard na kurudi kuongoza Chuo cha Sheria cha Howard, jijini Washington, kilichokuwa kimbilio la waliokataliwa kwingine. Houston aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwanasheria ana kazi ya kuondoa dhulma katika jamii, na kwamba asipoifanya kazi hiyo anakuwa mzigo kwa watu wake.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Thurgood Marshall wa Baltimore. Chuo cha sheria cha jimbo lake la Maryland kilikuwa karibu na nyumbani, lakini hakikuwapokea watu weusi. Akawa anapanda treni kila siku kwenda Washington na kurudi. Mama yake aliweka rehani pete zake ili ada ipatikane. Tunawaomba akina mama wanaosoma ukurasa huu wasimame kidogo hapo. Mwanamke aliweka rehani pambo la ndoa yake kwa sababu aliamini kuwa elimu ya mwanawe itawarudia watu wengi.

Na iliwarudia. Marshall alihitimu mwaka 1933. Miaka miwili baadaye, yeye na mwalimu wake Houston waliisimamia kesi ya kijana aitwaye Donald Gaines Murray, aliyekataliwa na chuo kilekile cha Maryland kwa ajili ya rangi yake. Mahakama iliamuru apokewe, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1936.

Kisha ikaja kesi ya Heman Sweatt, tarishi wa posta katika jimbo la Texas, aliyeomba kusoma sheria mwaka 1946. Badala ya kumpokea, jimbo lilikimbilia kuunda chuo kingine kidogo cha sheria kwa ajili ya weusi, likidai kuwa wamepewa haki sawa. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo, na sababu yake inafaa kuwekwa akilini. Ilieleza kuwa sheria haifundishwi kwa vitabu na majengo tu. Anayesoma sheria akiwa ametengwa na watu ambao kesho atakutana nao mahakamani, wakiwa majaji, mawakili, mashahidi na wadai, hajafundishwa sheria kwa ukamilifu.

Hoja hiyo inapita suala la rangi. Ikiwa mwanafunzi mweusi aliyetengwa na weupe hakupata elimu kamili, basi na mwanafunzi mweupe ambaye hajapata kukaa na mweusi, na mwanafunzi tajiri ambaye hajapata kumsikiliza maskini, naye ana upungufu. Wakili asiyewajua watu atawahudumiaje?

Marshall huyo ana uhusiano na eneo letu. Mwaka 1960, viongozi wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda London katika mkutano wa Lancaster House kujadili katiba, yeye alikuwa mshauri wao. Aliandaa rasimu ya haki za raia, na katika rasimu hiyo aliwawekea ulinzi hata walio wachache, Wahindi na Wazungu, ingawa yeye mwenyewe alitoka katika watu waliodhulumiwa na walio wengi. Mwaka 1967 akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mambo hayo hayajaisha. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ilivikataza vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpokea, na mwaka uliofuata wanafunzi weusi waliojiunga na mwaka wa kwanza wa sheria Harvard walikuwa 19 tu. Vyuo vinavyotaka kupata watu wa kila asili sasa vinalazimika kutafuta njia nyingine: kuwafuata vijana mashuleni, kufanya mihadhara ya wazi, kufungua vituo vya msaada wa sheria mitaani, na kuwaonesha watu wa kawaida kwamba mahali pale panawahusu.

Dar es Salaam, barabara ya Lumumba

Turudi nyumbani. Elimu ya juu nchini mwetu ilianza na sheria. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU lililopo barabara ya Lumumba, na kitivo chake kilikuwa kimoja tu: Kitivo cha Sheria. Wanafunzi wa mwanzo hawakufika 20, na hawakuwa wa Tanganyika pekee, kwani Kenya na Uganda nazo zilileta vijana wao. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na leo kitivo hicho kinaitwa Shule Kuu ya Sheria.

Humo alipita Julie Manning, mwanamke wa kwanza wa Kitanzania kusomea sheria pale, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Alipita Mohamed Chande Othman, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na aliyempokea kiti hicho, Profesa Ibrahim Hamis Juma, alikuwa mwalimu palepale. Tunawataja hawa ili binti na kijana wetu wasije wakadhani kwamba ile ni nyumba ya watu wengine.

Jambo jema zaidi, chuo kile hakikujifungia kilimani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu wake walianzisha kamati ya msaada wa sheria, wakawa wanawasikiliza wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Tangu hapo mkondo huo umepanuka. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria iliyowatambua rasmi wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi vijijini na mitaani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Na kila mwanzo wa mwaka, Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria, ambapo mwananchi hupata elimu na ushauri wa bure katika viwanja vya wazi.

Sasa tuulize: katika mahema hayo, sisi watu wa msikiti huwa wapi?

Kosa letu wenyewe

Tunaona ni wajibu kulieleza hili bila kujificha, kwa kuwa kuficha kosa ni kulipandikiza upya.

Miaka michache iliyopita alifariki ndugu yetu mmoja, maamuma wa safu ya mbele, akaacha mjane, watoto wanne na nyumba. Baada ya arobaini kamati yetu ilikaa na familia. Sheikh wetu akapiga hesabu ya faraidhi kwa usahihi: mjane thumuni yake, na kilichobaki kwa watoto, mwanamume sehemu mbili za mwanamke. Karatasi ikaandikwa, watu wakatia saini, tukaomba dua tukaondoka tukiwa na amani ya moyo. Tulidhani tumemaliza.

Hatukumwambia mjane wala watoto waende Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri la mirathi. Hatukumwambia mtu yeyote achukue cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia ili mahakama imthibitishe msimamizi. Baadhi yetu tuliona kuwa kwenda mahakamani ni kukosa imani na hukumu ya Allah.

Ukapita mwaka na ushei. Jioni moja mjane alikuja msikitini baada ya Alasiri, ameshika karatasi yetu mkononi. Mdogo wa marehemu alikuwa ameitisha kikao kingine cha ukoo bila yeye kuwapo, akaenda mahakamani na muhtasari wa kikao hicho, akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, na sasa alikuwa analeta wanunuzi kuitazama nyumba. Karatasi yetu ilikuwa na hesabu sahihi, lakini hakuna mahali ilipopelekwa. Tuliisoma mara mbili, tukainamisha vichwa.

Aliyetutoa hapo hakuwa mmoja wetu. Wanafunzi wa sheria kutoka chuo kimoja walikuwa wameweka hema katika uwanja wa ofisi ya kata, wakitoa ushauri bure kwa siku mbili. Tulimsindikiza mama yule. Alisita mlangoni; alituambia baadaye kuwa alihofia kusemeshwa Kiingereza na watu wasiomjua. Lakini kwenye meza alikuta binti aliyejitanda ushungi, akamwamkia, akampa kiti, akamuuliza kwanza kama eda yake ilikwisha salama. Ndipo mama akafunguka, akaeleza yote hadi mambo ya ndani ambayo sisi wanaume wa kamati hatukuwahi kuyasikia.

Pembeni ya binti yule alikaa kijana Mkristo kutoka Mbeya. Faraidhi hakuijua, na alikiri hivyo bila haya. Lakini fomu za mahakama alizijua kama mtu anavyoijua njia ya kwao. Binti alieleza ni nani warithi na mafungu yao. Kijana akaeleza hatua za kuiomba mahakama ileile itengue uteuzi uliofanyika kwa kuficha warithi. Na wote wawili wakatufundisha jambo ambalo sasa tunalisema kila Ijumaa ya mwanzo wa mwezi: msimamizi wa mirathi si mrithi. Yeye ni mwenye amana. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki na kurudisha hesabu mahakamani. Asiyerudisha hesabu hajamaliza kazi, na anayejigawia amehini amana.

Shauri lilichukua miezi mingi. Mama aliuza cherehani yake kwa ajili ya nauli na gharama ndogondogo. Mwishowe uteuzi ulitenguliwa, akathibitishwa yeye pamoja na mwanawe mkubwa, na nyumba haikuuzwa. Mafungu yakatoka vilevile kama sheikh wetu alivyoyapiga hesabu. Cherehani haikurudi. Tulichanga tukamnunulia nyingine, na tulijua kuwa tunalipa deni; ile haikuwa sadaka.

Faida ya watu tofauti kwenye meza moja

Tumeizingatia sana meza ile. Lau pangekuwapo wanafunzi wa aina moja tu, yule mama angerudi nyumbani. Wangekuwapo wajuzi wa fomu bila mjuzi wa faraidhi, asingeeleweka. Angekuwapo mjuzi wa faraidhi bila mjuzi wa fomu, angepata karatasi nyingine kama yetu. Allah ametujulisha katika Suratul-Hujurat kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kujuana huko tulikuona kwa macho, chini ya hema la turubai.

Ni wajibu kusema pia kwamba programu za wazi zinaweza kugeuka pambo. Chuo kinaweza kualika watu siku moja, kikapiga picha na mabinti wenye hijabu na mwanafunzi asiyeona, kisha kikarudi kwenye mazoea yake. Ukarimu wa kweli hupimwa kwa mambo madogo ya kila wiki. Je, mtihani umepangwa saa ya swala ya Ijumaa? Je, kuna mahali pa kutawadha na kuswali? Je, mwanafunzi asiyeona anapata maandishi anayoweza kuyasoma kwa vidole au kwa sauti? Je, mtoto aliyetoka shule ya kata, ambaye Kiingereza chake ni kizito, anasaidiwa katika mwaka wa kwanza, au anaachwa ajione mjinga? Mahakamani sasa tunazungumza Kiswahili, lakini vitabu vya sheria chuoni bado vingi ni vya Kiingereza, na hapo ndipo vijana wengi wenye akili hukata tamaa.

Maswali hayo chuo hakitajiuliza chenyewe ikiwa hakuna wa kuyauliza. Na sisi hatutayauliza tukiwa nje ya uzio.

Wanaosema sheria hizi si zetu

Wapo wazazi wanaotuambia kuwa kumsomesha mtoto sheria za nchi ni kumtoa katika sheria ya Allah. Tunaiheshimu hofu yao, kwa kuwa inatokana na mapenzi ya dini. Lakini ndoa zetu, talaka zetu, mirathi yetu na wakfu zetu tayari zinapita katika mikono ya mahakama, tupende tusipende. Mahakama zetu zinaruhusiwa kuitumia sheria ya Kiislamu katika mirathi ya Muislamu. Aliyekosekana mara nyingi ni mtu wa kuieleza vizuri mbele ya hakimu. Mtoto wako akiijua sheria hiyo na akaijua na ile ya nchi, ameacha nini? Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiandika mikataba kwa herufi za Kiarabu kwa lugha ya Kiswahili na kuipeleka mbele ya kadhi na mbele ya liwali. Hawakuona aibu kuijua milango yote miwili.

Tunachoanza kukifanya

Kamati yetu imeamua mambo manne, nasi tunayaweka hapa ili misikiti mingine iyapime.

Kwanza, mara moja kila muhula tunawaalika wanafunzi wa sheria, wa dini yoyote, kukaa uwanjani mwetu baada ya Alasiri na kuwasikiliza watu kwa Kiswahili. Akina mama wametengewa meza yao yenye msikilizaji wa kike.

Pili, kila kikao cha mirathi tunachosimamia sasa kina karatasi mbili: moja ya mafungu ya faraidhi, nyingine ya hatua za mahakama na jina la atakayezifuatilia.

Tatu, tunawapeleka wanafunzi wetu wa kidato cha tatu hadi cha sita, wavulana kwa wasichana, kwenye Wiki ya Sheria, kwenye mihadhara ya wazi ya vyuo na kwenye mashindano ya mahakama ya mfano, ambapo wanafunzi hutetea kesi ya kubuni mbele ya walimu. Mtoto aliyeketi mara moja katika ukumbi ule haogopi tena kujaza jina la chuo kile kwenye fomu ya maombi.

Nne, tumeanzisha mfuko mdogo wa nauli na vitabu. Hautoshi ada ya mwaka, lakini umekwisha wazuia wawili wasiache masomo.

Kijana aliyetuuliza kuhusu aya ile alikuwa katika msafara wa kwanza. Aliporudi tulimuuliza ameona nini. Akasema ukumbini kulikuwa na ubao wa matangazo mkubwa, na chuo kilikuwa kimewataka wageni waandike maswali yao na kuyabandika. Yeye alikuwa ameandika lake: kwa nini mjane asiyejua kusoma hapewi wa kumsaidia kabla nyumba haijatafutiwa mnunuzi. Mhadhiri mmoja alilisoma kwa sauti mbele ya ukumbi mzima.

Tunamuomba Allah Subhaanahu wa Ta'ala awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde mayatima na wajane wetu, na atusamehe sisi kwa haki zilizopotea mikononi mwetu kwa kutojua. Aamin.